Wa Mwisho Kwenye Lori la Viazi

Asubuhi Marie-Louise alipoingia kwenye salle ya Guylain, mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mawe ya volkano nikijuta kuzaliwa. Tulikuwa tumepindua matairi ya lori, tumekimbia na mifuko ya mchanga, na Guylain, kocha wetu, alikuwa bado anahesabu kwa sauti.

Tunaiita salle, yaani ukumbi wa mazoezi, lakini msidhani ina paa. Ni kiwanja nyuma ya karakana, kimezungushiwa ukuta wa mawe meusi. Mimi ni mshonaji. Nilianza kwenda kwa sababu ya mgongo, nikabaki kwa ubishi. Desturi ya pale ni moja tu: hakuna anayeondoka kabla wa mwisho hajamaliza. Wote tunamzunguka, tunampigia makofi mpaka majirani wanatutukana. Mimi ndiye niliyekuwa nikipigiwa makofi karibu kila siku, kwa hiyo desturi hiyo naijua vizuri.

Basi Marie-Louise akasimama mlangoni na kitenge chake na kandambili, mkanda wake wa kubebea umening'inia begani. Tulimfahamu kwa sura. Ni mmoja wa wale mama sita wanaopokea viazi kwenye malori yanayotoka Kalengera na kuvipeleka sokoni, gunia mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Ana miaka arobaini na tisa. Alishuka kutoka milima ya Masisi akiwa bado msichana, na tangu hapo anabeba.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?" Guylain akamwuliza.

"Weye. Nataka unifundishe kuinua muzigo toka chini."

Guylain akacheka. "Mama, weye unabeba kilo soixante, sitini nzima, kila siku! Weye ndiye ungetufundisha siye."

"Kubeba najua. Kuinua sijui."

Nikakaa nisikilize, maana hapo palikuwa na jambo. Wabebaji wa mkanda hawainui peke yao. Mama anakaa chini, anaegemea gunia, anavaa mkanda, na mwenzake mmoja au wawili wanamsukuma mpaka asimame. Wanatwikana hivyo, mmoja baada ya mwingine. Lakini hesabu hiyo ina shimo: lazima abaki wa mwisho, na wa mwisho hana wa kumtwika. Miaka yote vijana wa lori walikuwa wakimsaidia huyo, na hakuna aliyeona ni jambo la kutaja.

Mpaka Jean-Bosco alipofanywa kapita, yaani msimamizi, wa kituo cha malori. Huyo bwana ana tumbo la mbele na filimbi shingoni, na tangu apewe filimbi anaipiga hata akitaka chai. Alisema akina mama wanachelewesha malori. Akawakataza vijana kugusa mizigo yao, kisha akatoa wiki sita: mama wa mwisho asiposimama na gunia lake peke yake, yeye na wenzake wote watoke kwenye foleni.

"Wenzangu watano nitawatwika miye," Marie-Louise akasema. "Nitabaki wa mwisho. Sasa nifundishe namna ya kusimama."

Nilikasirika hadi miguu yangu ikasahau uchovu. Jean-Bosco kwa maisha yake hajabeba kitu kizito kuliko ile filimbi.

Wiki mbili za kwanza Guylain alimfundisha vibaya. Nasema wazi, na yeye mwenyewe anajua. Alimwonyesha kukumbatia mfuko, kuupandisha kifuani, kusimama. Marie-Louise aliweza, akafika kilo arobaini, tukashangilia. Siku moja akautupa mfuko chini.

"Guylain, mutoto wangu, muzigo wangu unakaa mugongoni. Huku mbele nilibebaka batoto, na bote balishakomaa."

Tulicheka, lakini Guylain hakucheka. Aliomba ule mkanda, akakaa chini kwenye kitenge cha mama, akauvaa kwenye paji lake, akajaribu kusimama na mfuko wa ishirini. Alianguka ubavu. Akajaribu tena, akaanguka tena, jasho likimtoka. Toka siku hiyo alimfundisha kama mtu aliyeelewa: kwanza kuinama mbele mpaka uzito uondoke ardhini, halafu goti moja, halafu unyayo, halafu kimya kidogo, halafu juu. Kilo kumi. Kumi na tano. Wiki ya mwisho, sitini. Asubuhi moja alirudia goti lile lile mara hamsini mpaka kitenge kikachanika, nikakishona palepale. Kila siku alikuwa wa mwisho kumaliza, akaninyang'anya makofi yangu, na sikumwonea wivu hata kidogo.

Aliyemwonea haya ni Donatille, mkubwa wa wale mama sita. "Mama muzima anaenda kuruka na batoto ba mujini," alikuwa akisema kila alipompita. "Ukivunjika, nani atakubeba?" Marie-Louise akaendelea na njia yake. Aliniambia mimi kwamba Donatille anaogopa, na mtu mwenye woga huwa na maneno mengi.

Jumatatu ya mwisho nilifunga cherehani yangu nikamfuata kituoni. Lori lilikuwa limefika. Mama watano walikaa chini mmoja mmoja, na Marie-Louise akawatwika mmoja mmoja, na wasiotwikwa bado wakamsaidia kusukuma. Hawakuondoka. Walisimama palepale na mizigo mgongoni, shingo zimekaza, wakimngoja.

Jean-Bosco akapuliza filimbi. Kisha akawaambia vijana washushe gunia la mwisho, na mimi kwa macho yangu niliona wakipita magunia matatu ya kawaida wakachagua lile lililojazwa mpaka likafurika, likashonewa kilemba cha viazi juu. Hilo si kilo sitini. Hilo ni sitini na mdomo wa Jean-Bosco juu yake.

"Muzee, hiyo haikuwa mapatano," nikapiga kelele.

"Julie, nyamaza," Marie-Louise akasema.

Akakaa chini. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na yeye alikuwa chini kabisa, matako kwenye vumbi jeusi. Akavaa mkanda. Akainama mbele. Gunia likaondoka ardhini. Akaweka goti, akaweka unyayo, na hapo mguu ukaanza kutetemeka, akarudi kwenye goti kwa kishindo. Kijana mmoja akacheka. Jean-Bosco akanyoosha mkono kwenye gunia, sijui kwa kusaidia au kwa kuliondoa, na hata yeye nadhani hakujua.

"Toa mukono, muzee," Marie-Louise akamwambia, uso ukiangalia chini. "Ukinigusa utasema ni weye ulinisimamisha."

Mkono ukatoka.

Unyayo. Kimya kidogo. Nilihesabu moyoni kwa sauti ya Guylain. Halafu akasimama, taratibu, mpaka magoti yakanyooka, akashika mkanda kwa mikono miwili, akaanza kutembea. Alipita mbele ya kapita bila kumtazama. Wenzake watano wakageuka wakatangulia, na yeye akawa wa mwisho kutoka kituoni. Nikapiga makofi peke yangu katikati ya malori, kama mwendawazimu, na machozi yananitoka, na sioni aibu kuyasema.

Jean-Bosco bado ana filimbi yake. Akina mama bado wako kwenye foleni.

Juma lililofuata, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa tena kifudifudi kwenye mawe niliposikia lango likigongwa. Alikuwa Donatille, mkanda begani, amevaa viatu vya mwanawe vinavyompwaya. Alimpita Guylain bila salamu, akaenda moja kwa moja kwa Marie-Louise aliyekuwa amepiga goti chini ya mfuko wake.

"Umebaki wa mwisho siku saba," akamwambia. "Inatosha. Nionyeshe hiyo goti, kesho nitabaki miye."