Fomu Tano Katika Faili la Marehemu

Saa moja kasoro robo asubuhi ukungu bado umelala juu ya majani chai, na lango la kiwanda kimoja kidogo karibu na Litein halionekani hadi ulifikie. Ndani ya kibanda, mlinzi Kipkurui anasikia viatu vikiburutwa kwenye kokoto.

"Chamgei, mzee Ogoti," anasalimia bila kuinua kichwa.

Aliyefika ni Janefer Chepkemoi, karani wa ofisi. Joab Ogoti, aliyekalia dawati la karani kabla yake, alizikwa miaka mitano iliyopita.

"Si mara ya kwanza," anasema Janefer, mwenye umri wa miaka thelathini na mbili. "Ati natembea kama yeye. Na mimi huyo mzee sikuwahi kumuona hata siku moja."

Kazi yake ni kupokea barua, kupanga mafaili na kuandika kumbukumbu za mikutano, kwa mshahara wa shilingi elfu ishirini na sita. Mwezi uliopita nafasi ya msimamizi wa ofisi ilitangazwa, naye akaitamani sana. Meneja, Bi Vivian, akamwita.

"Chepkemoi, faili yako iko empty. Miaka tano hujajaza hata appraisal moja? Nitakutetea na nini? Maombi inafungwa Ijumaa."

Lakini fomu hizo za tathmini ya kazi alikuwa amezijaza, kila Januari. Akapekua kabati, akashuka stoo, akafungua hadi mafaili ya waliokufa.

Faili la Ogoti lilikuwa nene. Fomu kumi na tisa, na kila moja ina sentensi ile ile penye mpango wa kujiendeleza: "Mwaka ujao, Mungu akijalia, nitajifunza kompyuta." Mzee wa watu hakujifunza. Ila fomu hazikuishia hapo. Kulikuwa na ya ishirini, ya ishirini na moja, hadi ya ishirini na nne, zenye tarehe za baada ya mazishi. Mwandiko ule ule, sentensi ile ile.

"Nilizisoma tarehe tena," anasema. "Nikajua huyu mtu bado anakuja kazini."

Kisha akaangalia sahihi. Ilikuwa yake mwenyewe, Janefer.

Siku ya kwanza kazini alipewa fomu ya Ogoti iwe mfano, akainakili hadi mwandiko. Mwaka uliofuata akanakili ya mwaka uliotangulia, kama wafanyavyo wengi. "Na kompyuta niliijua kabla nikuje hapa! Nina cheti. Nilikuwa naandika ndoto ya mtu mwingine." Kinachomtisha zaidi ni kwamba anayepanga mafaili ni yeye mwenyewe, na hakumbuki kuziweka humo.

Hakuzihamisha. "Hizo ni za mzee. Zikae na yeye."

Alhamisi akachukua fomu tupu na kuijaza polepole: barua tatu alizopoteza mwaka huu na jinsi zilivyopotea, daftari alilobuni la kufuatilia kila barua, na kozi ya usimamizi wa ofisi, kila Jumamosi huko Kabianga, atakayoimaliza Agosti. Bi Vivian aliisoma mara mbili kabla ya kuitia sahihi. Usaili ni wiki ijayo.

Asubuhi inayofuata ukungu ni mzito zaidi. Janefer anatembea akiinua miguu, kwa makusudi.

"Chepkemoi, ni wewe?" Kipkurui anatoka kibandani, anamtazama, kisha anageukia njia ya ofisini. "Sasa nani huyo ameingia mbele yako?"

Janefer anaitazama njia hiyo. Anajifunga leso vizuri.

"Wacha aingie, baba. Hiyo desk ni yake. Nipate kazi ya usimamizi ama nikose, kozi inaisha Agosti, na mimi Septemba sitakuwa hapo."