Vikopo Sita vya Nyumba ya Kona

Kazi yake ilikuwa kukusanya choo cha watu, na hakuwahi kuitaja kwa kunong'ona. Ukimuuliza anafanya shughuli gani angekujibu palepale, hata kama una sahani mkononi, kisha akuulize na wewe chako kikoje siku hizi. Mtaa mzima ulimwita Mama Vikopo, hadi mumewe naye akazoea.

Maabara iliyomwajiri ilitaka kujua kwa nini bakteria wanaoishi matumboni mwa watu wa mjini hawafanani na wale wa watu wa mlimani, wanaokula nafaka wanayolima na kusaga wenyewe. Watu wa mjini walileta vikopo vyao bila shida. Shughuli ilikuwa mlimani. Vijana wawili wenye digrii walitumwa huko, wakarudi na vikopo vitupu na viatu vilivyojaa matope. Nani akukabidhi haja yake mchana kweupe, halafu mtazamane?

Mama Vikopo alizaliwa hukohuko, kwa hiyo akabuni utaratibu wake. Kikopo kifungwe kwa gazeti, kiwekwe nyuma ya mlango wa nje alfajiri. Yeye atapita na sanduku lake la barafu, atachukua, hatapiga hodi wala kusalimia. Salamu ataleta jioni, pamoja na daftari la kuulizia walikula nini. Kwa mtindo huo alikusanya vikopo mia mbili na kumi, na hakuna hata kimoja kilichoharibika njiani. Alijivunia hilo kuliko cheti chochote, na alikuwa na haki.

Ndiyo maana mkuu wa maabara alipomwita ofisini na kufunga mlango, alijua kuna jambo.

"Mama, vile vikopo sita vya nyumba ya kona kule mlimani," mkuu akaanza, macho yakiwa kwenye karatasi. "Bakteria ni walewale katika vyote sita. Ni choo cha mtu mmoja. Tena si mtu wa mlimani, ni wa mjini." Akavua miwani. "Na wewe unaishi mjini."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Kama Mama Vikopo alijaza mwenyewe ili asipande mlima, basi na vile vingine vyote havina maana, na miaka miwili ya kazi ni ya kutupwa.

Aliona aibu, akaona hasira, lakini chozi hakutoa. Alichukua kikopo kitupu rafuni. "Nisubiri hapahapa," akasema.

Tumbo lake halikumwangusha. Baada ya dakika chache alikiweka kikopo juu ya karatasi za mkuu, kingali na joto.

"Hicho changu. Kapime. Kikifanana na vile sita, nifukuze. Kisipofanana, utaniomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na kwa sauti."

Siku hiyohiyo akapanda mlima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mzee wa nyumba ya kona. "Mbona leo mapema? Hata daftari huna."

"Mzee, vile vikopo sita alijaza nani?"

Mke wa mzee akakumbuka ghafla kuku wa kufukuza. Ukweli ukatoka kidogo kidogo: walipopewa vikopo walifanya kikao. Mzee aliona haifai choo chao, cha nafaka ya maganda na mboga za majani, kikapimwe na wasomi, halafu Mama Vikopo, binti wa kwao, achekwe. Kwa bahati mkwe wao alikuwa amekuja kutoka mjini kuwasalimia, kijana mtanashati, mla mkate laini. Akapewa heshima hiyo. Akajaza vyote sita kwa siku tatu, maskini, bila kulalamika.

"Tulikupa kilicho bora," mzee akasema. "Tusikutie aibu."

Mama Vikopo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho. "Mzee, vya aina ya mkwe wako vimejaa mjini. Mimi napanda huku kutafuta chenu. Nimelelewa kwa nafaka hiyohiyo ya maganda. Nani kakwambia ninaionea aibu?"

Akawaachia vikopo sita vipya. Kesho yake alfajiri hakukuwa na kitu nyuma ya mlango. Mzee alikuwa amesimama barabarani, majirani wakimtazama, kikopo mkononi bila gazeti. "Changu," akasema. "Nimejaza mwenyewe." Nyuma yake walipanga foleni wengine watano wa nyumba yake.

Majibu yalipotoka, kikopo cha Mama Vikopo hakikufanana na vile sita vya mkwe. Mkuu aliomba radhi mbele ya wote, kwa sauti, mpaka mfagizi akapiga makofi. Kisha akamwonyesha mchoro ukutani, kila kikopo nukta moja: nukta za mjini upande huu, za mlimani upande ule. Sita mpya zilikaa mlimani. Nukta ya Mama Vikopo ilikuwa katikati, baada ya miaka ishirini ya mjini, lakini imeegemea kwao. Aliigusa kwa kidole, akaona fahari ambayo hakuificha.

Jioni alimpelekea mzee habari: tumbo lake mzee lilikuwa na aina nyingi za bakteria, dalili ya afya, kuliko matumbo yote waliyopima. Mzee akamwita mkewe aje asikie maneno hayo yakirudiwa, naye mwenyewe akayasikiliza tena, akajikohoza.

"Mpigieni mkwe simu," akaagiza. "Aje tumlishe."