Siku Niliyomlilia Shaba Kwenye Maikrofoni

Watu wengi wamelia kwenye sinema, najua, lakini wamelia gizani, kimya kimya, wakajifuta kwa kola ya shati na kusingizia moshi wa sigara. Mimi nililia ndani ya maikrofoni, na maikrofoni ile ilikuwa imeunganishwa na spika juu ya paa, na spika ile ilielekezwa sokoni. Nimelisema mapema ili msije mkadhani nawaficha. Mbale yote ilinisikia.

Nilifika Mbale kwa njia ndefu. Nilitoka Mombasa juu ya lori la simenti, mtu wa miaka arobaini na kitu, bila mke, bila kiwanja, na begi moja la nguo, kwa sababu asubuhi moja niliamka nikaikumbuka harufu ya Jinja, ile harufu kali ya kiwanda cha shaba alikofanya kazi baba yangu, nikasema basi, narudi nyumbani. Lori likanishusha Nakuru, nikadandia jingine likaharibika kabla ya Eldoret, mimi na dereva tukalala chini yake tukila mahindi ya kuchoma, mpaka Malaba, mpaka Jinja. Na Jinja haikuwepo. Mto ulikuwepo, barabara zilikuwepo, lakini tanuri lilikuwa limezimwa zamani, nyumba yetu ya Nalufenya ilikuwa na watu wengine walionitazama kama mkusanya kodi, na jumba la sinema ambako baba alinipeleka kila mwisho wa mwezi lilikuwa ghala la unga. Nilisimama mlangoni nikatafuta kwa macho mahali tulipokuwa tukikaa. Nikaona magunia.

Ni kwenye jumba lile nilikomjua Shaba, shujaa wa filamu. Jina lake la Kizungu silitumii. Sisi watoto wa Jinja tulimwita Shaba kwa kuwa mwili wake mzima ulikuwa wa rangi ile ile ya vipande vilivyotoka kwenye tanuri la baba zetu, na risasi zikimpiga zilikuwa zinalia ting, kama zimegonga sufuria. Aliruka juu ya majengo, alizuia treni kwa kifua, alicheka sana. Baba hakuwa mtu wa maneno, lakini kila tulipotoka nikamuuliza kama Shaba atakufa siku moja, jibu lake lilikuwa lile lile: "Shaba haifi, mwanangu. Inayeyuka, inamiminwa upya." Nadhani alikuwa anaeleza kazi yake tu. Mimi nilisikia ahadi.

Baba alipofariki nilikuwa Mombasa, na habari zilinifikia matanga yakiwa yameshaondolewa. Nilikuwa na gunia begani. Nikasikiliza, nikaendelea na gunia langu hadi kwenye lori. Sikutoa chozi. (Kumbukeni hilo, litanirudia.)

Jinja iliponishinda nikapanda basi la kwanza lililokuwa linaondoka, nalo lilikuwa la Mbale. Nikapata kazi katika duka la jumla la Hajji mmoja, kupanga katoni za sabuni na kuwapokea wateja kutoka Kenya, maana Kiswahili changu cha pwani kiliwafurahisha. Mjini wakaniita Mkenya, hata nilipoapa kwamba nimezaliwa Jinja. Mlango wa tatu kutoka dukani palikuwa na hoteli ndogo ya chakula ya Nambozo, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kuongeza mchuzi. "Kiswahili ni rugha ya bunduki," aliniambia siku ya kwanza, maana kwao kilifika midomoni mwa wanajeshi. "Ng'ombe ya baba yangu yote iliondoka na Kiswahili." Lakini kidogo kidogo akaanza kunijibu kwa lugha hiyo hiyo ya bunduki, miezi ikaenda, na tukaelewana kwamba tutaoana.

Kilichobaki ni baba yake mkubwa, Afande Wepukhulu, sajini mstaafu wa magereza aliyeishi huko mlimani Bududa na aliyeshika nafasi ya baba yake marehemu. Swali lake lilikuwa moja, na alilituma kabla hajaja mwenyewe: huyu mtu atakaa, au ataondoka? Nilitaka kukaa. Ndugu zangu, katika maisha yangu ya kuhama sijataka kitu kama nilivyotaka kuwa na mlango ambao nikichelewa kurudi kuna mtu atauliza niko wapi.

Afande alifika Jumamosi asubuhi kwa pikapu ya kahawa, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi. Nambozo alikuwa jikoni anapika kuku na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya kwao mlimani yanayopikwa na karanga, na alituambia chakula bado, tukapunge upepo. Tungekwenda kupunga upepo ningekuwa Mbale mpaka leo. Lakini kati ya duka la Hajji na hoteli ya Nambozo palikuwa na kibanda cha video, na kwenye ubao wa nje mtu alikuwa ameandika kwa chaki kwamba kuna filamu mpya ya Shaba. Mpya! Miaka yote ile nilidhani nimebaki peke yangu duniani ninayemkumbuka, kumbe huko wanakotengeneza sinema naye alikuwa bado anapumua. Nikamwambia Afande, "Mzee, tuingie kidogo, chakula kikiiva tutaitwa."

Kwa wasiovijua vibanda vyetu: filamu ni ya Kiingereza, kwa hiyo pembeni mwa televisheni anakaa mtafsiri na maikrofoni, anawaelezea watu kila kinachosemwa, anaongeza pilipili yake, na sauti yake inatoka pia kwenye spika ya juu ya paa ili walio nje waone wivu waingie. Mtafsiri wetu aliitwa Joji, na kazi yake aliifanya kwa Kiganda. Siku hiyo benchi za mbele zilijaa askari magereza waliokuwa mapumzikoni, watu wa kaskazini, wakaanza kelele: "Joji, leo weka Kiswahili! Sisi hapana sikia hiyo rugha yako!" Joji akanigeukia. "Mukenya, shika wewe. Leo tu."

Nikamtazama Afande, amekaa mbele na soda yake, askari wanampisha kwa heshima. Nikawaza: acha anisikie, ajue mkwe wake ni mtu wa maana. Nikashika maikrofoni.

Mwanzoni nilikuwa moto. "Ndugu watazamaji, huyu ninamjua tangu utoto!" nikasema, na nje nikasikia wachuuzi wa nyanya wakicheka. Tarumbeta za zamani zilipolia, zile zile, sauti yangu ilikwaruza kidogo nikaificha kwa kikohozi. Kisha mambo yakaanza kuharibika. Shaba mwenyewe alikuwa kijana mgeni, mwembamba, amenuna kama amenyimwa chai, nguo nyeusi, hachekicheki. Nikavumilia. Halafu akaingia mzee mmoja wa kitandani, shavu limeingia ndani, mwili umeota ule ukijani unaoota shaba ikiachwa kwenye mvua, na nikamtambua. Alikuwa yule yule wa utoto wangu, mwigizaji wa kwanza, kazeeka kweli kweli. Wamemrudisha ili amkabidhi kijana ngao yake ya kifuani. Na alipoikabidhi akafumba macho, na nesi akaja na shuka.

Hakuyeyuka, hakumiminwa popote. Alikufa kama mtu yeyote wa wodini.

"Amelala tu!" nikatangaza. "Anapumzika, ndugu zangu, ataamka sasa hivi!"

Askari mmoja akasimama. "Wewe Mukenya, sisi iko na macho! Amefunikwa shuka!"

"Ni baridi," nikasema. "Wamemfunika kwa sababu ya baridi."

"Wanachimba shimo!"

Na kweli walikuwa wanachimba. Udongo wa kwanza ulipoangukia sanduku, kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwangu tangu siku ile ya gunia kikanyanyuka chenyewe, na nikasikia sauti ambayo sikujua ni yangu, imekuzwa, inatoka ndani na nje kwa wakati mmoja: "Ulisema hufi! Baba, ulisema hufi! Usiende!" Nikaanguka magoti na maikrofoni mkononi. Sikuwa nalia kwa adabu. Nililia kama wanavyolia wanawake wa kijijini wakiuona mwili unaingizwa uani, kwa pumzi ndefu, na Joji alivuta waya akashindwa kunipokonya.

Sasa fikirieni walio nje. Mbale, mwanamume wa umri wangu halii kwa sauti mchana kweupe isipokuwa amefiwa, tena mtu wa karibu. Na soko lote lilikuwa limeniona nikiingia mle na mzee wa Nambozo aliyeshika fimbo. Nambozo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasikiliza kidogo, akautupa, akaanguka chini katikati ya barabara akipiga yowe. Wauza nyanya wakajifunga vitambaa viunoni wakaitika. Hajji akafunga milango ya duka, akaja mbio na jora la kitambaa cheupe begani (Mungu ambariki, ni mtu wa kutangulia mambo). Na dereva wa pikapu ya kahawa, aliyekuwa anageuza gari arudi mlimani, alimwona Nambozo ardhini, akaisikia spika, akang'oa gari kwenda Bududa kupeleka msiba.

Umati ukaingia kibandani kumchukua maiti. Ukamkuta maiti amekaa benchi la mbele, soda mkononi, anauliza kuna nini.

Nambozo alimshika usoni kwa mikono miwili, akampapasa masikio, mabega. "Nani amekufa?" akauliza. Akatugeukia sisi wengine. "Nani amekufa?"

"Shaba," akasema Joji taratibu.

"Shaba ni nani?"

"Mutu ya sinema."

Askari mmoja akaachia kicheko, kikashika benchi zote, kikatoka nje, kikavuka barabara, na kwa kuwa maikrofoni nilikuwa bado nayo, kikapanda juu ya paa na kurudi sokoni kwa sauti kubwa zaidi. Nambozo hakucheka. Afande pia.

Pikapu haikuweza kurudishwa. Alasiri lori liliteremka kutoka mlimani limejaa watu, kuni, ndizi na ndama wa matanga, na mbele yao dada yake Afande, bibi kizee aliyekuwa amelia njia nzima mpaka sauti imekwisha, akawa anafungua mdomo na hakitoki kitu. Kwao mtu akililiwa akiwa hai ni mkosi, lazima kondoo achinjwe na mzee anyunyiziwe maji mbele ya jamaa, kwa hiyo yakafanyika yote hayo nyuma ya hoteli, na kuku wangu wa ukwe akaliwa na waombolezaji. Mimi nilisimama ukutani. Kisha Afande akaniita.

"Wewe nalia nani? Mutu ya sinema?"

"Nililia baba yangu, Afande."

"Alikufa rini?"

"Zamani. Miaka mingi."

"Siku ile ulilia?"

Ningeweza kudanganya, lakini uongo wangu wa siku hiyo ulikuwa umeisha wote kwenye shuka. "Hapana, Afande."

Akanitazama muda mrefu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniua. "Basi mimi nikikufa," akasema, "huyu atalia miaka ngapi mbele?" Akageuka kwa Nambozo. "Mimi narikuja na swali moja. Mutu ya kukaa inalia na watu ile siku watu nalia. Hii ni mupita njia."

Nilibaki siku chache, nikidhani mji utasahau. Mji haukusahau. Nilipopita na katoni za sabuni, wachuuzi walishika vifua: "Usiende, Shaba!" Hilo ningelizoea. Lakini jioni moja Nambozo alinijia dukani, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mimi wananiita muke ya Shaba," akasema. "Nikileta chai, wanalia. Nikileta sahani, wanalia. Nilianguka kwa vumbi mbele ya watu, bwana. Sitaanguka mara ya pili."

Nikamwambia nitanyamaza, nitakaa, sitaingia kibandani tena. Katika hayo matatu nimetimiza moja tu: mpaka leo nikiona tangazo la filamu mpya ya mtu niliyempenda utotoni, navuka upande wa pili wa barabara.

Siku niliyoondoka nilikaa kwenye basi la Kenya, kiti cha dirishani, begi langu magotini. Kutoka pale nilikuwa naliona paa la kibanda na spika yake. Joji alikuwa kazini, anatafsiri filamu ile ile, maana tangu siku ile ilikuwa inajaza watu kuliko zote. Ilipofika penye shuka akanyamaza kidogo, kama fundi, kisha akaanza: "Baba, ulisema hufi! Usiende!" Soko likapasuka kwa kicheko. Aliniiga pumzi kwa pumzi, na nakiri alilia vizuri kuliko mimi.

Nambozo alitoka na beseni, akamwaga maji ya vyombo mtaroni, akainua macho akaitazama ile spika. Nikafungua dirisha. Akaingia ndani.

Basi lilipokata kona kuelekea Tororo, Joji alikuwa bado ananililia.