Ng'ombe Aliyeelea

Kalista wa Kilolo alichora tangu utotoni, popote palipobaki peupe, hata nyuma ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Mwaka 1976 alikuwa Uyole, katika ofisi ndogo ya mafunzo ya wafugaji, na kipaji chote kile kiliishia kuandika majina ya mbegu kwenye magunia. Aliyachukia magunia yale kwa moyo wake wote.

Ndipo akafika Anania kutoka Dar es Salaam, kijana aliyesomea filamu, na kamera yake kaifunga kwenye blanketi. Alitaka mchoraji wa katuni ya kuwafundisha wafugaji kuogesha ng'ombe joshoni, ndani ya shimo la maji yenye dawa ya kupe. Sekunde moja ilihitaji picha kumi na mbili, kila moja kwenye karatasi ya plastiki, kila moja ikipigwa peke yake. Kalista alichora mpaka vidole vikavimba, na hakuwahi kufurahi vile maishani.

Mkubwa wao, Bwana Liberatus, hakuzipenda katuni. "Wafugaji wakiicheka," alisema, "unarudi kwenye magunia."

Wakaionyesha Chimala, mchana, ndani ya ghala la mpunga lililofungwa milango. Ng'ombe alipotokea ukutani watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mzee Nkuba, Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake, alimfuata Kalista huku anajifuta machozi.

"Mwanangu, ng'ombe yako inaelea. Miguu haina habari kama chini kuna ardhi."

Kalista alitamani kuzama kwenye mpunga. Lakini Anania alimbembeleza mkubwa, na mkubwa akatoa nafasi moja tu, ya mwisho. Basi Kalista akafunga virago akaenda kukaa kwa Mzee Nkuba wiki mbili, kutazama ng'ombe.

Siku ya tatu mzee alichungulia daftari la Kalista. "Mbona tumbo umelipaka masizi?"

"Ni kivuli, baba."

"Kivuli gani? Hebu inama." Wakainama wote wawili. "Jua linapiga vumbi, vumbi linarudisha mwanga juu. Umeona wekundu ule? Tumboni mwa ng'ombe kuna rangi ya ardhi anayokanyaga."

Kalista aliona, na akashangaa alikuwa na macho ya nini siku zote. Aliporudi Uyole, yeye na Anania walikuna vichwa mpaka wakapata njia: ng'ombe kwenye plastiki moja, kivuli kwenye nyingine, kizito penye kwato na chepesi kadiri kinavyokwenda mbali, na juu yake plastiki ya tatu yenye wekundu mwembamba wa vumbi. Walichora upya kila kitu. Miezi minne!

Ghala la Chimala likajaa tena. Bwana Liberatus alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Ng'ombe akatokea ukutani, akatembea, na hakuna aliyecheka. Ng'ombe alipokaribia josho, mama mmoja aliyeitwa Kashindye akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mzuieni! Huyo ana mimba kubwa! Atateleza humo, atatupa ndama!"

Ghala zima likalipuka. Wengine walimwita mwenye ng'ombe, wengine walipiga mluzi kumrudisha. Kalista alimgeukia Mzee Nkuba.

"Baba, kumbe yule niliyemchora alikuwa na mimba?"

"Ya miezi minane. Hukuniuliza."

Bwana Liberatus alikuja kapinda uso. "Umekosea somo lenyewe, Kalista. Mwenye mimba kubwa haogeshwi pale. Kachore mwingine." Kisha, akitazama watu waliokuwa bado wanagombana, akaongeza polepole, "Magunia nitayatafutia mtu."

Kalista alicheka na kulia kwa pamoja. Watu walipotoka, Mama Kashindye alibaki mlangoni, bado ana wasiwasi.

"Dada, niambie ukweli. Alizaa salama?"

"Salama, mama."

"Dume au jike?"

"Jike," Kalista alibuni papo hapo.

Mama akashusha pumzi, akajifunga khanga vizuri, akaenda zake. Jumatatu, kabla ya kazi nyingine yoyote, Kalista alianza kumchora ndama.