Mbwa Aliyekimbia na Kofia ya Bwana

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mbwa wangu hakumuuma mtu. Nimewasikia watu wazima, tena waliokuwapo uwanjani siku ile, wakisimulia kwamba alimrarua mzungu mguu, kwamba alikuwa na kichaa, kwamba alitoka povu mdomoni. Waongo wakubwa. Povu lilikuwa la kwao wenyewe, la pombe ya ndizi. Mbwa yule alikuwa mchezaji, basi. Kama kucheza ni kichaa, nusu ya Arusha ingefungwa kamba.

Alikuwa na jina. Silitaji. Tangu walivyomfanya vile sijalitamka mbele ya mtu, na sioni kwa nini nianze leo.

Tulimpata njiani. Mume wangu alikuwa seremala, mtu wa Pangani kama mimi, na Wajerumani walimwita Arusha akatengeneze milango na madirisha ya boma. Reli ilikuwa bado haijafika Moshi. Tulishuka pale ilipokomea, tukatembea na wapagazi mpaka miguu ikawa si yetu tena. Tulipopumzika kando ya mto Usa, mtoto wa mbwa mwekundu alitoka majanini, sikio moja limesimama na jingine limelala, akachukua kubadhi moja la mume wangu na kukimbia nalo. Hakwenda mbali. Alisimama, akainamisha kifua chini, makalio juu, mkia unapepea, akitungoja tumfukuze. Wapagazi walicheka. Walikuwa hawajacheka tangu tuondoke. Tulipoanza safari tena, alitufuata.

"Mbwa ni najisi, bibi," mume wangu aliniambia.

"Wa ulinzi ameruhusiwa."

"Huyu atalinda nini? Ameniibia kiatu mbele ya macho yangu!"

Lakini usiku huo alimtupia mfupa, nikajua yamekwisha.

Arusha ya siku zile ilikuwa boma jeupe, maduka machache ya Wahindi, vibanda vya askari, na watu kutoka kila upande wa nchi wakitazamana kwa mashaka. Mlima Meru ulikuwa juu ya vichwa vyetu, na mara nyingi haukuonekana kwa mawingu. Nilikuwa sijui baridi. Kwetu baridi ni jambo la kusimuliwa na mabaharia. Nazi hakuna. Siku ya kwanza nilipika kunde kwa maji na chumvi, nikala huku nalia, nikamwambia mume wangu ni moshi.

Tulipewa kibanda pembeni kabisa ya mji, upande wa Sekei, mahali mji unapoishia na migomba ya Wameru inapoanza. Mji haukunipenda. Wanawake wa Pwani walikuwapo, wake za askari na wachuuzi, na nilidhani hao ndio watakuwa ndugu zangu. Mmoja wao, jirani wa mama yangu huko Pangani, alikuja kunitazama, akamwona mbwa amelala kizingitini, akakataa hata maji ya kunywa. Mimi niliyekuwa nikiosha vyombo mara saba na moja kwa udongo kila mbwa akigusa! Yeye ulimi wake hakuuosha hata mara moja, maana kufikia alasiri mfereji mzima ulikuwa unajua kwamba mke wa seremala anakula sahani moja na mbwa. Nikawa nachota maji peke yangu. Nasema kweli, miezi ile ya kwanza hapakuwa na kiumbe Arusha aliyefurahi kwamba nimeamka, isipokuwa huyo mnyama. Nikifungua mlango asubuhi, alikuwa tayari na kitu mdomoni, gunzi, kipande cha ubao, kitambaa cha mtu, na mkia unapepea.

Kati ya kibanda chetu na shamba la jirani palikuwa na ua wa mimea mirefu yenye majani marefu kama panga, kijani kibichi mwaka mzima. Jirani mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kimeru, mtu mzima, mkavu, mwenye Kiswahili cha kukatakata alichokiokota sokoni. Nilimwamkia shikamoo kila siku, naye aliitikia kama mtu anayelipa kodi.

Siku moja alianika ngozi ya mbuzi. Mbwa wangu akaiona. Nilipotoka nje alikuwa ameshaiburuta mpaka kwetu na kutafuna ncha yake ya pembeni, na mama yule amesimama upande wa pili wa ua, mikono kiunoni. Nikaenda mbio na ngozi mkononi. Nikamwomba samahani. Nikamwomba tena. Jioni nikampelekea maandazi. Hakuyagusa. Kesho yake nikaenda na mume wangu, seremala wa boma mzima, akasimama ameshika kofia yake akiomba radhi kwa ajili ya mbwa ambaye hata hakumtaka. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaingia ndani kwake. Nilirudi nimefura. Ngozi moja, pembe moja, na samahani zote hizo! Nilimwambia mume wangu watu wa mlimani hawana moyo, wana jiwe.

Nikaamua mbwa afungwe. Lakini kamba yetu alikuwa ameitafuna, na mume wangu hakuwa na nyingine. Nikatazama ua. Majani yale ni marefu na magumu. Nikachagua moja zuri, nikalikata, nikamfunga shingoni, na ncha nikaipachika kwenye ukuta wa fito. Mtu wa Pwani anafahamu ukili, anafahamu kamba ya mnazi. Kwangu mimi jani refu ni kamba.

Sikumaliza hata kufagia. Alijichomoa, akapenya uani, na jani likining'inia shingoni alikwenda moja kwa moja hadi miguuni pa mama yule aliyekuwa akimenya ndizi. Akainamisha kifua chini kama kawaida yake.

Nilisikia kelele, nikajua leo ananiulia mbwa. Nikakimbia. Nilimkuta mama amechuchumaa, jani amelishika kwa mikono miwili, na uso wake umebadilika kabisa.

"Mbwa yako ameleta sale," aliniambia.

"Ameleta nini, mama?"

"Sale. Hii." Akaniinulia jani. "Sasa basi. Imekwisha. Maneno ya ngozi imekwisha."

Ndipo akanieleza, polepole, akitafuta maneno. Kwao mtu aliyekosa hafiki kwa aliyemkosea na mdomo mtupu. Mdomo ni upepo. Anachukua jani la sale, analileta, analiweka mkononi, na aliyekosewa, hata kama anatetemeka kwa hasira, hawezi kulikataa. Akilikataa, kosa linahama, linakuwa lake. Aliningoja mimi siku zote zile nimletee. Ua umejaa masale, nayaona kila asubuhi, na badala yake namletea maandazi!

Nilikasirika, nitasema uongo ili iweje? Mimi mtu mzima nimeomba mpaka ulimi umekauka, nimenyimwa. Mbwa, tena aliyekosa mwenyewe, tena asiyejua analofanya, amesamehewa kwa jani nililokata nikidhani ni kamba. Lakini mama alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake. Alichukua mkungu mdogo wa ndizi akanipa, na mbwa naye akatupiwa mfupa, nikajikuta nacheka mimi pia.

Kuanzia hapo nikawa na jirani. Alinifundisha kupika ndizi kwa maziwa ya mgando, nikaacha kulilia nazi. Alinipa ngozi ya kujifunika, ile ile yenye pembe iliyotafunwa. Mbwa akawa na nyumba mbili, akivuka ua atakavyo, akimchukulia mama kijiko na kutufurahisha sote wawili tukimkimbiza. Nilianza kusema "kwetu" nikimaanisha pale, si Pangani.

Haya, sasa boma.

Bwana mkubwa wa boma alikuwa na mbwa wake, wawili, wakubwa kama ndama, wanatembea mjini watakavyo. Walimng'ata mpagazi sokoni mpaka akaonekana mfupa, na aliyeulizwa ni mpagazi: alikuwa anatafuta nini njiani? Mbwa wetu ndio waliotakiwa kufungwa. Nilimfunga wangu, kwa kamba ya kweli safari hii. Lakini siku moja watu wote wa mji tuliitwa uwanjani mbele ya boma kusikiliza maneno ya bwana mkubwa, na kamba ile ile aliitafuna kama ya kwanza.

Tulisimama juani. Bwana alikuwa amevua kofia yake, ile nyeupe ngumu, ameiweka juu ya kiti, anajifuta jasho huku anatuambia jinsi tulivyo wavivu. Wanaume waliojenga boma lile kwa mikono yao, kwa kulazimishwa, wengine na makovu ya kiboko bado mgongoni, walikuwa wamesimama kimya wakiambiwa uvivu. Na hapo ndipo akatokea, mwekundu, sikio moja juu na jingine chini. Akaenda kitini. Akaichukua kofia.

Hakwenda mbali. Hakuwahi kwenda mbali maishani mwake. Alizunguka uwanja, akasimama mbele ya bwana mkubwa, akainamisha kifua, mkia unapepea. Askari akamfuata, mbwa akaruka pembeni. Mwingine akamfuata, akaanguka kifudifudi. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna, mwingine akapaliwa, kisha uwanja mzima ukacheka. Wameru, Waarusha, watu wa Pwani, Wahindi, hata yule mwenzangu wa Pangani, kitambaa mdomoni. Hata askari waliokuwa kwenye mstari.

Kwa hiyo msiniambie habari ya kuuma. Kofia ilirudi nzima, nilimpokonya mwenyewe nikaipeleka kwa mikono miwili. Kosa lake lilikuwa kicheko chetu, na kwa sababu watu wote hawapigwi risasi kwa kucheka, akatafutwa wa kulipa. Bwana alisema neno moja, askari akamshika mbwa shingoni, wakampeleka nyuma ya boma.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amebaki shambani, hakujua lolote. Nilikata sale, lililo bora uani kote, bila hata kumwomba. Nikarudi mbio. Langoni nililia mpaka wakaniingiza. Nikapiga magoti mbele ya meza ya bwana mkubwa, nikaliweka jani juu ya meza, nikamwambia askari aliyekuwa akifasiri: mwambie hili ni la msamaha, nchi hii mtu halikatai.

Askari alifasiri. Bwana alilitazama jani. Alilishika ncha kwa vidole viwili, akanirudishia, akasema jambo. Askari alinigeukia.

"Anasema umpe ng'ombe wako."

Ng'ombe sikuwa naye. Nilikuwa na mbwa. Nikiwa bado nimepiga magoti nikasikia bunduki, nyuma ya ukuta. Na nikasikia jambo jingine ambalo lilinichoma vile vile. Katika chumba cha pili mume wangu alikuwa akipiga randa mlango. Mlio wa bunduki ulipotoka, randa ilisimama. Kisha ikaendelea.

Sikumsemesha siku nyingi. Alikuwa na hoja zake, na zilikuwa za kweli: angeacha randa wangempa yeye viboko hamsa ishirini, tungefukuzwa, na mbwa angekuwa amekufa vile vile. Zote za kweli. Sikuzitaka. Jioni nilimkuta amekaa uani na kubadhi lake moja mkononi, lile lenye alama za meno, nikaingia ndani nikamwacha.

Siku zilipita, asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa askari. Kijana wa Kinyamwezi, bila bunduki, bila kofia, na jani la sale mkononi. Nilimjua. Ndiye aliyempeleka mbwa nyuma ya boma na kumpiga risasi. Nyuma yake, ng'ambo ya ua, mama wa Kimeru alikuwa amesimama na kisu cha kukatia ndizi, ananitazama.

"Dada," askari alisema, "mimi ni mtu wa kuamriwa. Mama yule kaniambia nije na hii."

Nilitaka kumfungia mlango. Nilitaka kumwambia ampe ng'ombe wake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini mama hakuondoa macho, na mimi nilikuwa nimeshakula ndizi zake, nimeshajifunika ngozi yake, nimeshasamehewa kwa sheria hiyo hiyo. Ndiyo maana ya kuhamia mahali. Huchukui kinachokupendeza na kuacha kinachokuuma.

Nililipokea. Askari alilia, nami sikumbembeleza. Jani halisemi nibembeleze.

Vita vilikuja, Wajerumani wakaondoka, bwana yule naye akaenda na kofia yake. Milango ya mume wangu ingali pale bomani, na nikipita naisikia ikifunguliwa. Watu husema nimeshikilia mambo ya kale, mbwa tu yule, mama. Mimi nawajibu kwamba jani la aliyefyatua nililipokea siku aliyolileta. La aliyeamuru sijaletewa mpaka leo, na masale mlimani hayajawahi kuisha.