Njia ya Kutoka Kitandani Hadi Mlangoni

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alianguka asubuhi moja akitoka kitandani kwenda kufungua mlango. Alijikwaa kwenye rundo la madumu, rundo likamwangukia, akabaki sakafuni mpaka jirani aliposikia akiita. Mkono uliteguka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Butiama. Nilipopigiwa simu niliomba ruhusa, nikafika Kigera kabla ya mchana. Kwa miaka miwili nilikuwa sijaingia ndani ya nyumba ile. Siku zote alitupokea uani, na sisi hatukuuliza.

Niliingia kwa ubavu. Madumu, viroba vya nguo, redio zilizobaki maganda, stuli za miguu miwili, mifuniko ya sufuria ambazo hazipo, magazeti yaliyofungwa kwa kamba, vyote vimepanda karibu na dari. Kitandani palibaki nafasi ya mtu aliyejikunja. Jiko la mkaa lilikaa katikati ya maboksi.

Nilimchukua nikaenda kumuuguza kwangu. Huku nyuma mwanawe, ambaye anafanya biashara Bunda, alileta kirikuu, kile kigari cha mizigo, na vibarua wawili. Walisomba kila kitu kwa siku moja, vingine wakavichoma. Alinitumia picha ya sakafu tupu. Sikumlaumu. Alikuwa anaogopa moto, hata mimi niliuogopa.

Mama mkubwa aliporudi alisimama mlangoni, akauliza kiroba cha bluu kiko wapi. Hakuna aliyejua. Hakulia. Ila aliacha kupokea simu za mwanawe, na haikupita miezi minne nyumba ikawa imejaa kuliko mwanzo. Majirani walimwona akirudi kutoka jalalani na mzigo kichwani.

Hapo ndipo nilipokata shauri. Nilimwambia binamu yangu gari lisije tena. Nitakwenda mimi kila Jumamosi, hata ikichukua mwaka. Alisema napoteza muda. Nilimjibu kwamba muda ni wangu.

Jumamosi ya kwanza sikugusa kitu. Niligeuza ndoo nikakalia, nikamuuliza kile kiroba kilikuwa na nini. Alinieleza habari za Mugango, alikokuwa akiishi kabla ya kuhamia Kigera. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia ndani ya nyumba yake, naye akatoka na kiroba hicho kimoja. Ndani yake mlikuwa na gauni la ubatizo la mwanawe huyohuyo aliyeleta kirikuu.

"Nilikuwaga na kila kitu," alisema. "Siku ile niliomba kijiko kwa mtu ninywe uji. Kijiko, mwanangu. Sitaki kuomba tena."

Tulikubaliana jambo moja: hakuna kitu kitakachotoka bila yeye kusema kitoke. Na hatutasafisha nyumba. Tutafungua njia tu, kutoka kitandani hadi mlangoni, upana wa yeye na fimbo yake.

Ilituchukua Jumamosi saba. Kuna siku tulitoa dumu moja na nusu boksi la magazeti. Siku nyingine alinifukuza kwa sababu nilishika stuli kabla hajajibu. Niliondoka, na wiki iliyofuata nikarudi nikamwomba radhi. Muuguzi mmoja wa zahanati aliniambia tabia ile ni ugonjwa kama mwingine, wala si uchafu, na kwamba aibu huuzidisha. Nikaacha hata kukunja uso.

Nilikuja kugundua kwamba hakuwa mchoyo. Kitu kikienda kutupwa alikikumbatia. Kikienda kwa mtu atakayekitumia, alikiachia. Madumu kumi na manne tuliyapeleka shuleni kwangu, watoto wakayatumia kumwagilia bustani. Nilimletea picha. Aliitazama, kisha akanionyesha mengine mawili, moja halina mfuniko.

Binamu yangu nilimweleza habari ya gauni kwa simu. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Kigera kabla yangu, amekaa kizingitini miguu ikiwa nje.

"Mama, sikujua," alimwambia.

"Hukuniuliza," alisema mama yake. Baadaye kidogo akamwelekeza kiroba cha kubeba. Toka siku hiyo yeye ndiye hubeba, na huuliza kila mara, "Hiki nacho?"

Njia sasa ipo. Jiko limehamia barazani. Ukuta mmoja bado umejaa, na mwezi uliopita aliokota chupa ya chai iliyopasuka akaileta ndani. Nilimuuliza atampa nani. Alisema anafikiria. Mpaka leo ipo.

Juzi wanawake wa jumuiya yake ya kanisani walikuwa wakipanga nyumba za kusalia. Siku zote alikuwa akiwaambia anaumwa. Safari hii aliwaambia waje kwake. Tulitandika mikeka miwili kwenye nafasi iliyopo, yeye akafunika rundo la ukutani kwa kitenge. Walioingia walikuwa sita, waliobaki walikaa barazani. Hakuna aliyetazama kitenge kile kwa muda mrefu. Mama mkubwa alikaa karibu na mlango, akawa anampokea kila anayefika kwa kumshika mkono, akimwambia apite ndani.