Usikabe na Hodi Tatu

Mume wangu ni fundi bomba, na jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Dunia nzima inamwita Usikabe. Akiingia nyumba ya watu, salamu haijajibiwa vizuri, macho yake yameshapanda ukutani kutafuta klipu, vile vishikizo vinavyolibana bomba lisining'inie. Akiiona iliyokaza kupita kiasi, anatoa bisibisi mfukoni na kumwambia mwenye nyumba, "Shika, usikabe!" Kuna nyumba mbili ambazo hatukaribishwi tena kwa sababu hiyo.

Siku niliyojifungua mtoto wetu wa kwanza haikumbuki. Lakini mwulize klipu, utajuta. Atakuambia kwamba bomba la maji ya moto huvishwa koti la sponji ili joto lisipotelee njiani, na kwamba watu wanakwenda dukani kuomba klipu ya nusu inchi eti kwa sababu bomba ni la nusu inchi. Koti wamelisahau. Nimemsikia kwa masikio yangu akimuuliza muuza duka, mbele ya wateja wenye heshima zao, "Wewe ukinunua mkanda, unapima kiuno ukiwa uchi?"

Klipu ndogo ikilazimishwa juu ya sponji, inaiminya mpaka inakuwa nyembamba na joto linatorokea hapo. Wavivu zaidi wanaikata sponji wanabana bomba tupu. Hapo kuna balaa la pili. Bomba likipata moto hurefuka kidogo, na likiwa limekabwa husuguana na klipu, likaanza kugonga.

Kugonga huko ndiko kulikotuletea kesi kwa mama yangu.

Marehemu baba alikuwa mtu wa haraka asiyekuwa na safari. Mama akiingia kuoga, dakika tano hazipiti, baba yuko mlangoni: ko, ko, ko. "Mama, unaoga au umehamia?" Alimgongea hivyo miaka arobaini, mara tatu, si mbili wala si nne. Mama naye alimjibu kwa maneno ambayo hakunifundisha.

Mwaka aliofariki, baba alikuwa ameweka bomba jipya kutoka hita ya juu ya paa hadi bafuni. Hakumwita Usikabe, maana aliona aibu mkwewe kuchungulia mambo ya bafu lake. Akaita fundi mwingine, naye akabandika klipu za nusu inchi ukuta mzima wa nyuma. Baada ya matanga, mama alifungua maji ya moto kwa mara ya kwanza. Bomba likapata joto. Ko, ko, ko.

"Subiri!" mama akajibu.

Tangu hapo akawa anaoga kila alasiri, na kila alasiri wanagombana. Siku moja nilimsikia mwenyewe nikiwa koridoni: "Kama una haraka, kaoge kwa jirani!" Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu nikalia.

Tatizo ni kwamba maji yalikuwa yanafika vuguvugu, na magoti ya mama hayaelewani na baridi. Ikabidi ameze aibu.

"Mlete huyo mumeo," akaniambia. "Maji ayatengeneze. Lakini mgongaji wangu asimguse."

Nikafikisha ujumbe. Usikabe akanitolea macho. "Mgongaji ndiye ugonjwa wenyewe!"

"Ni baba, bwana."

"Baba yako amekuwa klipu?"

Nikacheka, naye akachukulia kwamba ameshinda. Akaweka ngazi ukuta wa nyuma kwa mama, akang'oa klipu kumi na moja huku akizitukana moja moja. Akavisha sponji mpya, akafunga klipu pana zilizopimwa juu ya koti. Alipomaliza akalipapasa bomba. "Sasa linapumua," akasema, na kwa kweli alikuwa amependeza kwa furaha, mjinga wangu yule.

Mama akaoga. Akatoka na uso umetulia mno.

"Maji ni ya moto, baba. Ahsante," akamwambia Usikabe. Kisha akakaa. "Nimeoga mpaka nimechoka. Hakuna aliyeniambia nitoke."

Wiki nzima hakuligusa lile bomba. Alioga kwa ndoo, maji baridi, na magoti yake yale. Nilipomwambia Usikabe, nilitegemea hotuba. Badala yake alikwenda kwenye mfuko wake wa vyuma, akapekua, akatoa klipu moja ya zamani ya nusu inchi.

Asubuhi yake tulikuwa kwa mama, naye ametoka kwenda kliniki. Usikabe akapanda ngazi hadi chini ya dirisha la bafu, akalichana koti la bomba mahali pamoja tu, akaikaza ile klipu kwenye bomba tupu. Mimi nilikuwa ndani, kazi yangu kufungua maji na kuhesabu hodi.

"Mbili!" nikapiga kelele.

Akalegeza kidogo, tukasubiri bomba lipoe.

"Nne! Na ya mwisho imelia kama bata!"

Fundi mwenzake alikuwa anapita njia ya nyuma, akasimama. "Usikabe! Leo wewe ndiye unayekaba?"

"Pita njia yako!" Sijawahi kumwona ametahayari vile. Tulihangaika mpaka saa sita. Jaribio la tisa, zikatoka tatu. Tukarudia mara mbili tena, tatu tupu.

Alasiri mama akarudi. Nikamwambia maji yako tayari, nikajifanya nafagia koridoni. Usikabe alikuwa bado juu ya ngazi, bisibisi mkononi iwapo klipu italeta ukaidi. Alikuwa amefumba macho kwa heshima ya mkwe, ingawa kioo cha dirisha lile hata jua halikipenyi vizuri.

Maji yakafunguliwa.

Ko. Ko. Ko.

Halafu sauti ya mama: "Wiki nzima! Ulikuwa wapi, mzee usiye na haya?"

Nikaacha ufagio. Nje, Usikabe akaanza kushuka polepole, kidato kimoja kimoja, lakini ngazi ikamsaliti kwa mlio.

"Wewe hapo nje," mama akaita kupitia dirishani.

"Naam, mama."

"Hiyo klipu yako imeshika vizuri?"

"Imeshika, mama. Haijakaba sana."

Mama akaongeza maji.

"Ikabe, mwanangu. Asinitoke tena."